Je, Sanduku la Gia Tulifungue Wenyewe?

Jioni moja, jua likikaribia kutua, shemeji yetu alifika nyumbani kwetu hapa Lubumbashi, akaketi barazani, akapewa maji, asiyanywe. Tukajua kwamba ana neno. Shemeji huyu ana motokaa ya abiria, Toyota HiAce ya dizeli yenye gia 5, naye huiendesha kati ya Lubumbashi na Likasi, safari ya kilomita zipatazo 120. Motokaa hiyo ndiyo shamba lake na ndiyo mifugo yake: ndiyo inayowalisha watoto na kuwalipia karo, na baba yake alipofariki ndiyo iliyotoa gharama za matanga.

"Mwalimu," akasema, "bwati imeanza kulia."

Bwati ndilo jina ambalo madereva wetu wamelipa sanduku la gia, kwa kulifuata neno la Kifaransa. Tukamwuliza inalia namna gani. Akajibu kwamba inalia kama mbu aliyefungiwa chupani, na ya kuwa tangu wiki mbili gia ya pili inakataa kuingia ila kwa kusaga meno. Fundi mmoja alikuwa ameisikiliza kwa dakika chache tu, akatoa hukumu: sanduku limekufa, linunuliwe lingine, lililokwisha kutumika ng'ambo. Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na karo ya watoto watatu wa shemeji kwa mwaka mzima.

"Nami nimewaza hivi," akaendelea. "Kitabu cha mafundi cha gari hili ninacho, ila kimeandikwa Kiingereza. Wewe unasoma, mimi nina mikono. Tulifungue wenyewe, Mwalimu. Mikono yangu hainidai mshahara."

Maneno hayo ya mwisho yalitupendeza, kisha yakatutia hofu. Tulimkumbuka mwalimu mwenzetu, mtu mwerevu na mwenye bidii, ambaye miaka kadhaa iliyopita alilifungua sanduku la motokaa yake chini ya mwembe. Siku ya kwanza alifurahi sana, maana kufungua si kazi. Bolti zote zilimtii. Siku ya pili vyuma vilijaa katika makarai mawili, na mtoto mdogo akachukua pete moja akaifanya gurudumu la kuchezea. Siku ya tatu mvua ikanyesha. Motokaa ile ilikaa juu ya matofali mwaka mzima na zaidi, kuku wakitaga chini yake, na mwishowe iliuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mwenzetu hakukosa akili wala spana. Alikosa kujua, kabla ya kufungua, anatafuta nini.

Kwa hiyo hatukumjibu shemeji ndiyo wala siyo. Tulimwambia: "Shemeji, kwanza tujue kwa hakika ugonjwa uko wapi, tusiguse hata bolti moja. Kesho alfajiri uje na gari."

Hapa yatupasa kumweleza msomaji jinsi sanduku hili linavyofanya kazi, kwa sababu watu wengi hushika fimbo ya gia kila siku bila kujua kinachotendeka chini ya miguu yao.

Injini ina mwendo wake na magurudumu yana mwendo wao. Kazi ya sanduku ni kuwapatanisha. Ndani yake zimelala shafti tatu. Ya kwanza ni fupi, nayo hupokea nguvu ya injini kwa njia ya klachi, ile ambayo kwetu huitwa ambrayaje. Ya pili imelala chini, imevaa magurudumu ya meno, nayo huzunguka daima pamoja na ile ya kwanza. Ya tatu ni shafti kuu, ipelekayo nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Katika gia ya kwanza injini huzunguka karibu mara 4 ili shafti kuu izunguke mara 1. Ndiyo maana gari lililojaa watu na magunia ya makala huweza kupanda kilima. Lakini katika gia ya nne ya gari kama hili, shafti ya kwanza na shafti kuu hufungwa pamoja zikawa kitu kimoja, na shafti ya chini huzunguka bure, bila kubeba mzigo. Tunamwomba msomaji aliweke moyoni jambo hili la gia ya nne, maana litatufaa.

Zamani dereva alilazimika kulinganisha mwendo wa meno kwa mguu na sikio lake: akanyage klachi, atoe gia, aiachilie klachi, akanyage tena. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa motokaa zenye sinkro, kazi ya mhandisi Earl Thompson, na tangu hapo taabu ile imeachiwa pete. Katika magari mengi pete hiyo ni ya shaba ya manjano, nyembamba, yenye mistari midogo ndani kama ya skrubu. Fimbo inaposukumwa, pete huikumbatia koni ya chuma iliyo ubavuni mwa gia, huibana mpaka pande zote mbili zimekuwa na mwendo mmoja, ndipo meno huingia kwa upole. Kila inapobana, huliwa kidogo. Katika motokaa za abiria gia ya pili ndiyo huumia mapema, kwa kuwa dereva huipandisha na kuishusha penye kila kituo, na tofauti ya mwendo kati ya gia ya kwanza na ya pili ni kubwa.

Basi, alfajiri shemeji akaja. Tulichagua saa hiyo kwa sababu mtaa bado ulikuwa umelala na sikio lilikuwa huru. Injini ikawashwa, fimbo ikiwa katikati, mguu mbali na klachi. Yule mbu akasikika waziwazi. Tukamwambia akanyage klachi, na mbu akanyamaza. Akaachilia, mbu akarudi. Tulirudia mara tano, hata mke wake akatuuliza kama tunacheza.

Hatukuwa tukicheza. Klachi ikikanyagwa, shafti ya kwanza na ile ya chini husimama, ikiachiliwa, huzunguka. Sauti inayokufa zinaposimama, basi inatoka kwao, yaani katika beringi zinazozibeba. Kama sauti ingalizaliwa wakati wa kukanyaga, tungaliishuku ile beringi ya klachi yenyewe, ambayo ni ya bei ndogo na imo nje ya sanduku. Ni watu wangapi wamelipia sanduku zima kwa kosa la beringi ile moja!

Kisha tukaenda barabarani. Katika gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, mbu alilia. Katika ya nne alinyamaza karibu kabisa. Hapo shemeji mwenyewe, ambaye tulikuwa tumemweleza usiku habari za shafti, alipiga usukani kwa kiganja akasema: "Ni ya chini! Ni ile ya chini!" Tukakubali. Shafti ya chini ilikuwa ikinung'unika kila ilipobeba mzigo.

Likabaki suala la gia ya pili, na hapa ndipo wengi hupotea. Klachi isiyoachia vizuri hufanya gia zisage meno, na mwenye gari hudhani pete zimekwisha. Tulimwambia akanyage klachi hadi mwisho, ahesabu hadi kumi polepole, kisha atie gia ya kurudi nyuma, ambayo katika magari mengi haina pete ya kuisaidia. Iliingia bila neno. Basi klachi ilikuwa nzima. Kama ingalisaga, tungalitazama kwanza mafuta ya klachi, mpira wa silinda zake, na hewa iliyoingia katika bomba. Hayo yote hutengenezwa kwa siku moja na kwa fedha kidogo.

Mwisho tukamwaga mafuta yangali na joto, ndani ya sufuria safi. Rojo ya kijivu kwenye sumaku ya kifuniko haimtishi mtu; kila sanduku lina vumbi lake. Lakini tulikuta pia vipande vyembamba kama magamba ya dagaa, na katika mafuta yenyewe mng'aro wa manjano. Magamba ni chuma cha beringi kinachobanduka, na mng'aro ni shaba ya pete. Tulipomwuliza alikuwa akitia mafuta gani, shemeji alicheka kwa aibu: aliyoyakuta sokoni. Tuseme kidogo juu ya hayo. Mafuta ya gia yana daraja. Yale ya daraja GL-5 yametengenezwa kwa difu ya nyuma, na baadhi yake yana dawa inayoila shaba. Tena utelezi wake waweza kuizuia pete isibane. Masanduku mengi hutaka GL-4. Kitabu cha gari lako ndicho kisemacho, wala si mwuza mafuta.

Sasa tulijua. Sanduku halikuwa limekufa. Lilikuwa na beringi mbovu katika shafti ya chini na pete iliyokwisha katika gia ya pili. Ndipo swali la shemeji likapata maana: tulifungue wenyewe?

Alitaka tujibu mara moja. Sisi tukachukua daftari.

Tulianza na lile sanduku kuukuu la ng'ambo, kwa kuwa hatupendi kulidharau. Sifa yake ni upesi: leo linanunuliwa, kesho kutwa gari lina abiria. Mtu ambaye watoto wake watalala njaa gari likisimama juma zima pengine afanye hivyo, mradi mwuzaji amruhusu kuzungusha shafti kwa mkono, kunusa mafuta yaliyobaki na kuchungulia meno, tena aahidi mbele ya shahidi kulipokea likirudishwa. Ubaya wake ni kwamba historia yake haijulikani. Huenda lilitoka katika gari lililogongwa likiwa jipya. Huenda nalo lilikuwa likilia kama mbu.

Halafu zana. Kulishusha sanduku hutaka jeki, spana, magogo imara ya kuliinulia gari, na watu wawili wenye subira. Hayo tulikuwa nayo. Lakini beringi za ndani zimekazwa juu ya shafti, na hazitoki kwa nyundo. Hutolewa kwa pula na kuingizwa kwa presi; anayezipiga nyundo huziua kabla hazijafanya kazi hata siku moja. Tena kuna kupima. Pete ya sinkro hukandamizwa juu ya koni yake, na nafasi inayobaki kati ya meno ya pete na ya gia hupimwa kwa vijisu vyembamba vya chuma. Kitabu hutaja kikomo, nacho mara nyingi ni kidogo kuliko milimita 1. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo. Shemeji hakuwa na presi, wala pula, wala vijisu.

Lakini jambo lililotusimamisha kweli si zana. Katika sanduku kuna reli nyembamba zinazobeba zile uma zisukumazo gia, na kati ya reli hizo hukaa vipini vidogo, vingine havipiti ukubwa wa punje ya maharagwe. Kazi yao ni moja: reli moja ikisogea, huzifunga zilizobaki, ili gia mbili zisiweze kuingia kwa wakati mmoja. Mtu akilirudisha sanduku akasahau kipini kimoja, gari litawaka, litakwenda, na kwa siku nyingi hakuna atakayejua. Kisha siku moja gia mbili zikashikana. Shafti kuu haiwezi kutii amri mbili, basi husimama, na magurudumu ya nyuma husimama nayo, gari likiwa mbioni.

Tulimwambia shemeji: "Kama hii ingalikuwa gari yako ya kwenda sokoni, tungalikwambia jaribu, maana kosa lako ungalilipa wewe. Lakini nyuma yako hukaa mama za watu na vitoto vyao migongoni. Hao hawakusoma kitabu pamoja nasi."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiyependa kushindwa: "Na yule fundi aliyesema limekufa, yeye alisoma kitabu?"

Hatukuwa na jibu, kwa sababu alisema kweli. Kumpa fundi kazi si sawa na kumwachia akili yako. Basi tukapatana hivi: kushusha na kurudisha tufanye wenyewe, kwa kuwa ni kazi ya nguvu na uangalifu tu, kufungua na kupima kufanywe na fundi mwingine, mzee mwenye presi, sisi tukisimama kando na kitabu, vyuma vyote vya zamani turudishiwe mkononi, tena sanduku lisifunikwe kabla shemeji mwenyewe hajasukuma reli mbili kwa pamoja na kuona zimekataa. Mzee yule, tulipomwambia masharti, alitutazama kwa jicho la upande, kisha akacheka. Alisema wateja wa namna hiyo humchosha lakini hawarudi na malalamiko.

Kazi ya kulishusha ilikula siku mbili. Tuliondoa waya wa betri, tukatoa shafti ndefu ya nyuma, tukafungua silinda ya klachi bila kuikata bomba lake, kisha bolti za kengele moja baada ya moja, kila bolti ikitiwa katika kipande cha katoni mahali palipochorwa umbo lake, kwa sababu bolti za sanduku hazilingani urefu. Uzito wa sanduku haukupungua sana ule wa mfuko wa saruji. Hapo kuna kosa ambalo kitabu kilituonya: usiliache lining'inie kwa shafti yake ndani ya sahani ya klachi, maana sahani hupinda. Tuliliweka juu ya ubao na jeki, tukalivuta nyuma likiwa limenyooka, vifua vyetu vikiwa mavumbini. Mama watoto alikataa kuzifua nguo zile.

Kwa fundi, shafti ya chini ilipotolewa, tuliiona beringi ya mbele. Njia ya gololi zake ilikuwa na vidonda kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Pete ya gia ya pili iligusa karibu kabisa; kijisu chembamba hakikupita. Hata hapo palikuwa na jambo ambalo hatukulitazamia: koni ya gia yenyewe ilikuwa imechubuka, maana shemeji aliilazimisha kwa wiki mbili. Pete mpya juu ya koni iliyochubuka haidumu, basi gia nayo ikaingia katika orodha. Wiki mbili za kulazimisha zilimgharimu kuliko beringi zote.

Vipuri vingi vya Lubumbashi hufika kwa njia ndefu: kutoka Dubai kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa malori takriban kilomita 2,000 kupitia Tunduma, Zambia na Kasumbalesa. Njiani humo mali bandia hupata pa kujichanganya na halali. Mzee alitufundisha kuisoma beringi yenyewe, siyo boksi lake. Nyingi za gololi zina namba iliyochorwa ubavuni, kama 6306 au 6307. Chukua tarakimu mbili za mwisho, uzidishe kwa 5, utapata upana wa tundu kwa milimita: 06 ni 30, na 07 ni 35. Kwa hiyo beringi ya kawaida waweza kuitafuta kwa namba, hata kwa mwuza vipuri vya mashine, bila kulitaja gari. Lakini yenye mfereji wa pete ya kuizuia sharti ilingane kabisa na ile ya zamani. Tulinunua beringi zote za shafti na sili zote, hata zilizoonekana nzima, kwa maana hakuna aliyetaka kulala mavumbini mara ya pili.

Siku ya kufunga, gololi moja ya reli, ile inayosukumwa na springi, iliruka kama panzi ikapotelea uani. Watu watano walitafuta kwa magoti tangu saa nane hadi saa kumi na moja. Fundi alikuwa na za kufanana, akazipima moja moja, akakataa zote. Ilipatikana ndani ya kiatu cha mwanafunzi wake. Baadaye shemeji alisukuma reli mbili kwa vidole gumba viwili, akazisukuma tena kwa nguvu mpaka mishipa ikamtoka shingoni, zikakataa. Ndipo kifuniko kikatiwa.

Msomaji atataka kujua gharama. Vipuri na mshahara wa fundi, pamoja na mafuta mapya ya daraja lililoandikwa kitabuni, vilifika zaidi kidogo ya nusu ya bei ya lile sanduku kuukuu. Lakini gari lilisimama siku 11, na shemeji alipozihesabu siku hizo kwa mapato yake ya kila siku, akiba yote ilikuwa karibu kwisha. Hilo hakulifikiri siku ile alipokuja barazani, wala sisi hatukulifikiri. Katika daftari tuliandika zana na vipuri, siku tukazisahau. Tulimwuliza kama anajuta. Akasema hajuti, kwa kuwa sasa analala akijua kilicho ndani. Mke wake, aliyekuwa amekopa unga kwa jirani kwa siku hizo, hakusema neno.

Sasa gari linakwenda Likasi tena. Gia ya pili huingia kwa kidole, na yule mbu amekufa. Juma lililopita, hata hivyo, shemeji alikuja mbio, uso umembadilika: akirudi nyuma gari hupiga kelele kama jiwe la kunolea. Tukamwambia akumbuke kama halikuwa likifanya hivyo tangu siku alipolinunua. Gia ya kurudi nyuma kwa kawaida ina meno yaliyokatwa moja kwa moja, si ya mshazari kama zilizobaki, na meno ya namna hiyo hulia tangu kiwandani. Alifikiri sana, akawasha gari, akarudi nyuma polepole hadi langoni huku kichwa kikiwa nje ya dirisha, akisikiliza.

"Ni kweli," akasema. "Ilikuwa hivyo. Sikuwa nikisikiliza."